Ubao Unataka Meno

Mwaka wa pili tulifundishwa kuandaa azimio la kazi, andalio la somo na zana za kufundishia. Tulichora moyo wa binadamu kwenye karatasi za manila, tukakata maboksi, tukaokota visoda vya kuhesabia. Neno "kufaraguza" tulilisikia mpaka tukaanza kutaniana nalo bwenini: mtu akipika wali kwenye kettle ya chai, anafaraguza. Lakini kitu ambacho mwalimu wa nchi hii anakigusa kuliko vyote, kila siku, kila kipindi, ni ubao. Na ubao hakuna aliyetuambia unatengenezwaje. Tulichukulia tu kwamba upo, kama ukuta ulivyopo.

Naandika haya kwa wenzangu wanaokwenda TP mwaka huu, na kwa yeyote anayetaka kibao cha kuandikia chumbani au kwenye biashara yake ndogo. Nitaeleza namna ya kutengeneza rangi ya ubao kwa mkono, kwa vitu vya duka la hadiwea la kawaida. Nitaeleza pia kwa nini jambo dogo kama hili lilizua ubishi kati yangu na mwenzangu, ubishi ambao mpaka leo haujaisha.

Nilipangiwa shule moja ya kata mkoani Morogoro, masomo ya Kemia na Hisabati. Mwenzangu tuliyepangiwa naye alikuwa wa Historia na Kiswahili. Nilipewa Kidato cha Pili, wanafunzi 72 darasa moja. Ubao wao ulikuwa ule wa saruji, uliopigwa plasta ukutani na kupakwa rangi nyeusi miaka mingi iliyopita. Katikati ulikuwa na vipara vya kijivu, mahali ambapo mikono na madasta vilikwisha kula rangi yote. Upande wa kulia kuna mtu aliwahi kujaribu kuuokoa kwa rangi ya mafuta inayong'aa, ile ya kupaka milango. Asubuhi jua likiingia kwa madirisha ya mashariki, upande ule ulikuwa kioo. Chaki ikipita pale inateleza, inapiga kelele ya kutia ganzi meno, haiachi kitu.

"Madam, hapo hatuoni," walikuwa wananiambia. Basi nasogea kushoto. Kushoto nako kuna kipara.

Kilichonishtua ni madaftari. Nilikusanya zoezi la fomula, nikakuta karibu safu nzima ya nyuma wameandika kabonidayoksaidi kama CO. Sio CO₂, ni CO. Maji wameandika HO. Mwanzoni nikadhani hawajaelewa. Nikaenda kukaa kwenye dawati la nyuma kabisa, nikautazama ubao nilioandika mwenyewe. Herufi kubwa zinaonekana kwa taabu. Ile 2 ndogo ya chini haipo kabisa. Watoto walikuwa wanaandika walichokiona, kwa uaminifu wote.

Wasiosoma Kemia wanaweza kusema, ah, namba ndogo tu. Sasa sikiliza. CO₂ ndiyo inayochemka kwenye soda unayokunywa pale kantini. CO ni ile hewa ya jiko la mkaa ambayo watu wakilala nalo ndani, mlango umefungwa, hawaamki. Tofauti yake kwenye ubao ni alama moja yenye ukubwa wa punje ya mchele.

Nikaenda kwa mkuu wa shule. Hakuwa mtu mbaya, alinisikiliza. Akaniambia rangi ya ubao imo kwenye mpango, lakini mbele yake kuna karatasi za mitihani, bili ya umeme, mlinzi na choo cha wasichana. Nilipokiona hicho choo, sikuwa na hoja ya kuuweka ubao mbele yake.

Mwalimu mmoja mkongwe, aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu, ndiye aliyenipa wazo la kwanza. "Binti," akasema, "tafuta betri."

Nilijua anachosema. Wengi wetu tuliosoma shule za msingi za vijijini tunakijua. Ijumaa mchana mnaambiwa kila mtu aje na betri za redio zilizokwisha. Mnazipasua kwa mawe, mnatoa ule unga mweusi, mnautwanga, mnauchanganya na majani ya matembele au maboga yaliyopondwa, halafu mnaupaka ubaoni kwa viganja. Jumatatu ubao ni mweusi tii, na vidole vyenu bado vyeusi kwenye kucha. Ilikuwa raha, maana kipindi cha mwisho kinakufa.

Nataka kuwa mkweli kwa ile njia ya wazee: inafanya kazi, na ina akili. Unga wa betri ni mweusi na una chembechembe, utomvu wa majani unashika kama gundi. Walimu wetu hawakuwa wajinga, walikuwa wanatumia kilichopo. Shida ni kilichomo ndani. Ule unga wa betri ya kawaida sehemu kubwa ni manganizi dayoksaidi na kaboni, pamoja na chumvi kali zinazochoma ngozi, na betri za zamani ziliwekwa hata zebaki. Vumbi la manganizi mtu akilivuta kwa muda mrefu linaharibu mishipa ya fahamu. Jambo hili halikugunduliwa jana. Mwaka 1837 daktari mmoja wa Glasgow aliandika habari za wafanyakazi waliokuwa wakisaga madini hayo kiwandani: miguu ilikosa nguvu, wakawa wanatembea kwa shida. Ubao wa namna hiyo unafutwa kwa dasta kila baada ya dakika 40, na safu ya mbele imekaa hatua mbili kutoka hapo. Siwezi kusema kwamba mwanafunzi fulani aliumwa kwa sababu hiyo. Ninachosema ni kwamba siku hizi, wakati kuna njia nyingine, hatuna sababu ya kuwapasulisha watoto betri.

Nilimshukuru yule mwalimu, nikakaa nikafikiri kama mtu wa Kemia: hivi ubao ni nini hasa?

Jibu nilikuja kulipata jikoni kwa mama mwenye nyumba, anakuna nazi. Ubao ni mbuzi. Chaki ni nazi. Nazi ukiisugua kwenye sahani haitoki kitu, itateleza tu. Mbuzi inakuna kwa sababu ina meno. Na meno yakiwa makubwa mno, unapata vipande badala ya chicha. Ubao mzuri una meno madogo madogo yasiyoonekana kwa macho, yanayokwangua chaki kidogo kidogo na kuishikilia ile punje hapo mpaka dasta ipite. Kwa hiyo weusi peke yake haufanyi ubao. Ndiyo maana siku hizi kuna mbao za kijani, na ukitaka wa bluu au wa zambarau unaweza, mradi chaki ionekane. Ile rangi ya mafuta inayong'aa ilikuwa nyeusi kuliko zote shuleni pale, lakini haikuwa na jino hata moja.

Rangi yoyote ina vitu vitatu vikubwa: unga unaoleta rangi, gundi inayoshika unga, na kimiminika kinachokauka na kuondoka. Kwenye rangi inayong'aa gundi ni nyingi, inafunika chembe zote kama barafu juu ya maji, uso unakuwa laini. Kwenye rangi isiyong'aa unga ni mwingi zaidi na chembe zinachomoza juu. Hayo ndiyo meno. Basi kazi ya kutengeneza rangi ya ubao ni moja tu: kuchukua rangi ya kawaida ya maji isiyong'aa na kuiongezea unga mgumu, laini, ili meno yaongezeke. Rangi maalumu ya ubao ipo madukani, lakini mjini kwetu kopo lake lilikuwa ghali kuliko rangi ya maji ya ujazo uleule, na duka la karibu na shule halikuwa nayo kabisa.

Haya, mchanganyo wenyewe.

Chukua kikombe kimoja cha rangi ya maji nyeusi isiyong'aa, kama mililita 250. Mwambie muuzaji unataka mati, sio silki. Weka vijiko 2 vya chakula vya grauti, ule unga ambao mafundi wa vigae wanajazia kwenye maungio. Hakikisha ni grauti isiyo na mchanga. Ukisugua unga wake kati ya vidole uwe laini kama unga wa ngano. Hiyo ni kama sehemu 1 ya unga kwa sehemu 8 za rangi. Mimina unga kidogo kidogo huku unakoroga, kama unavyosonga uji usiotaka madonge. Madonge yakibaki, pitisha kwenye soksi ndefu ya kike iliyokwisha chanika. Dukani nilipoomba grauti, fundi aliyekuwa pembeni akacheka: "Mwalimu, na wewe umeanza kujenga?" Nikamwambia najenga Kidato cha Pili.

Ukikosa grauti, tumia unga wa jipsamu, ule wa mafundi wa dari. Hapa vipimo vinabadilika: kikombe 1 cha rangi, theluthi moja ya kikombe ya unga, na theluthi moja ya maji. Usitie unga mkavu kwenye rangi. Ukoroge kwanza na maji mpaka uwe uji laini, ndipo uchanganye. Nilipenda njia hii kwa sababu ya uzuri wake wa kikemia. Jipsamu ni jasi, madini yaleyale yanayochimbwa Makanya kule Same, yakichomwa kiasi yakapoteza sehemu kubwa ya maji yake. Ukirudishia maji yanakuwa magumu tena. Na chaki nyingi tunazotumia shuleni, ingawa watu wanadhani ni chokaa, ni jasi hiyohiyo iliyomiminwa kwenye kalibu. Kwa hiyo ukiandika kwenye ubao huo, chaki inamkwaruza ndugu yake.

Mambo matatu ya kuzingatia. La kwanza, changanya kiasi unachoweza kumaliza muda huohuo. Grauti na jipsamu vikishaonja maji vinaanza kuganda, havikusubiri umalize kuchati. La pili, usizidishe unga kwa kudhani meno yatakuwa makali zaidi. Gundi ikizidiwa haitaweza kushika chembe zote, na ubao utapukutika kama ukuta wenye chumvi. La tatu, unga mweupe unafanya rangi nyeusi iwe ya kijivu. Ukitaka irudi nyeusi, ongeza kidogo unga mweusi wa kupakia sakafu za saruji. Na jikinge: grauti ina saruji ndani yake, inachoma ngozi, kwa hiyo vaa hata mifuko ya plastiki mikononi na funga kitambaa puani wakati wa kumimina unga. Ndoo ioshe hapohapo, nje. Usimwage kwenye sinki la hosteli, wenzako watakuja kukutafuta.

Ubao wa ukutani kazi yake kubwa sio kupaka, ni kuandaa. Tulifanya Jumamosi mbili, mimi, mwenzangu na wanafunzi sita waliojitolea. Tulikwangua rangi yote iliyokuwa inabanduka. Ule upande unaong'aa tuliupiga msasa mpaka ukafifia kabisa, kwa sababu rangi ya maji juu ya rangi ya mafuta inayong'aa haishiki, itavuliwa kama ganda la yai. Nyufa tukaziba kwa saruji iliyochekechwa, tukaacha ikauke vizuri. Tukaosha vumbi. Mkono wa kwanza tulipaka rangi tupu iliyoongezwa maji kidogo, ili plasta inywe ishibe. Kisha mikono miwili ya rangi yenye unga, mwembamba mwembamba, wa kwanza kwa kulala na wa pili kwa kusimama. Kati ya mkono na mkono tuliacha ikauke, tukapitisha msasa laini bila kukandamiza.

Halafu unasubiri siku tatu. Hapa ndipo watu wengi wanashindwa. Ubao ukikauka kwa kugusa, ndani bado laini, na mkono unawasha kuandika. Subiri. Siku ya tatu ikipita, chukua chaki uilaze ubavu, paka ubao mzima mpaka uwe mweupe wote, kisha futa kwa kitambaa kikavu. Usiruke hatua hii. Ubao mpya una vitundu vidogo vidogo, na kitu cha kwanza kuandikwa ndicho kinachoingia humo na kukaa. Ukianza na "Date" na "Topic", vitakuwa vinaonekana kwa mbali kama kovu mpaka ubao upakwe tena. Ukiujaza wote chaki kwanza, vitundu vinashiba sawasawa, na maandishi yanafutika.

Rangi ilibaki. Tulinunua kopo la lita 4, na ubao wa darasa langu na ule wa darasa la jirani havikuimaliza. Ndipo lilipokuja wazo la vibao. Shiti moja ya plaiwudi nyembamba, futi 4 kwa 8, ukiikata vipande vya sentimita 20 kwa 30 unapata vipande 48. Seremala alitukatia, tukapiga msasa kingo ili wasijichome vibanzi, tukapaka mikono mitatu. Lita moja ilitosha vyote. Wanafunzi 72, wawiliwawili kibao kimoja, vibao 36. Vipande vya kanga kuukuu ndivyo madasta.

Nilivyokuwa navitumia ni hivi. Nauliza: andika fomula ya gesi tunayoitoa tukipumua. Dakika moja ya kunong'onezana. Halafu nasema "juu!", vibao vyote vinapanda. Kwa jicho moja naona darasa zima. Kabla ya hapo nilikuwa namuuliza mmoja, aliyenyoosha mkono, ambaye siku zote ndiye anayejua. Wale wa nyuma nilikuwa nawajua kwa majina ya kwenye rejesta tu.

Na hapa ndipo nilipojifunza kitu nilichokuwa sijakitegemea. Ubao mpya ulipoanza kazi, ile 2 ilirudi kwenye madaftari mengi. Lakini sio yote. Wapo walioendelea kuandika CO. Kumbe miongoni mwa wale ambao hawakuona walikuwemo pia ambao hawakuelewa, na ubao mbovu ulikuwa umewachanganya wote kwenye gunia moja. Sasa niliweza kuwatenganisha. Wa kwanza walikuwa wamehitaji rangi. Wa pili walimhitaji mwalimu, nikakaa nao saa tisa mchana chini ya mwembe na vibao vyao.

Vibao 12 vilivyobaki vilipata njia zake. Kimoja kipo jikoni kwa mpishi wa uji wa shule, anaandika idadi ya vikombe. Viwili tulimpa mama wa mihogo pale getini. Kimoja kipo kwenye mlango wa chumba chetu hapa chuoni, kinasema ufunguo uko kwa nani. Baada ya kurudi nimepaka hata makopo ya sukari na maharage, nikiyapiga msasa kwanza. Unaandika kilichomo na tarehe uliyonunua, kikiisha unafuta. Kuna mshkaji wa mwaka wa kwanza ameanza kuwatengenezea mama ntilie wa nje ya geti mbao za kuandika vyakula vya siku. Mtaji ni mdogo na wateja wapo.

Sasa ule ubishi.

Mwenzangu anasoma Historia, na watu wa Historia wana tabia ya kuuliza nani alilipa. Alichanga nusu ya hela, alikwangua ukuta mpaka mkono ukavimba, lakini Jumamosi ya pili jioni, tumekaa kwenye ndoo zilizopinduliwa, akanitupia swali. "Hii ni hela yetu ya fildi. Tumekula mihogo wiki mbili ili ukuta wa serikali upakwe rangi. Mwakani mkuu akiulizwa kama ana shida ya ubao, atasema nini?"

Nikamwambia atasema hana.

"Ndiyo hivyo," akasema. Akanikumbusha kwamba shule nyingi za kata za rika la ile zilijengwa kwenye mpango wa MMES ulioanza mwaka 2004, na wananchi walibeba mawe, mchanga na maji kwa vichwa vyao. Kisha mwaka 2016 ikaja elimu bila ada, wazazi wakaambiwa michango basi, serikali itabeba. "Sasa mzazi kalipa kwa mgongo, kalipa kwa kodi, na mtoto wa mzazi mwingine, aliyekopa hela bodi ya mikopo, analipa kwa boom. Huu ubao umelipiwa mara ngapi? Kufaraguza ni neno zuri mpaka siku litakapogeuzwa sera."

Sikuwa na jibu la haraka, na sitajifanya kwamba nililipata baadaye. Ninaloweza kusema ni kwamba tulikuwa tunatazama saa mbili tofauti. Saa yake ni ya nchi. Bajeti, mpango, barua kwenda halmashauri, majibu mwakani au mwaka ule mwingine. Saa hiyo ni ya kweli na bila watu kama yeye haisogei. Saa yangu ilikuwa ya darasa lile. Kidato cha Pili wana mtihani wa taifa mwezi Novemba, na asiyefikia kiwango anarudia mwaka. Mtoto aliyeandika HO mwezi Agosti hawezi kusubiri mwaka wa fedha ufike. Kwake yeye kuna Novemba moja.

Lakini nakubali kwamba hatari aliyoiona ipo. Tukienda kila mwaka, kundi baada ya kundi, tukapaka, tukapigiwa makofi kwenye mkutano wa asubuhi, tukapiga picha na kuondoka, tutakuwa tumegeuka njia ya kufanya shida isionekane. Ubao uliopakwa na mwanafunzi wa TP sio risiti kwamba deni limelipwa.

Kwa hiyo tulifanya yote mawili. Alikaa akaandika barua ya ukurasa mmoja na nusu kwa bodi ya shule, kupitia kwa mkuu, kwa Kiswahili chake kile kilichonyooka. Aliorodhesha mbao za madarasa yote, zipi hazisomeki na tangu lini kwa kumbukumbu za walimu. Akaandika gharama ya kila kitu tulichonunua na risiti akaambatisha. Akaandika kwamba kazi iliyofanyika ni ya dharura, imefanywa na wanafunzi wawili kwa hela yao, na isihesabiwe kuwa ni matengenezo. Mkuu aliisoma yote mbele yetu, akanyamaza kidogo, akagonga muhuri wa kupokelewa. Nakala tunayo. Kama iliwasilishwa kikaoni, hatukuwepo tena kuona.

Kwenye serikali yetu ya wanafunzi na kwenye kitivo ningependa tulete jambo moja. Somo la zana za kufundishia liwe na kipindi kimoja cha ubao. Saa mbili tu, nje ya karakana, kila kikundi na ndoo yake, kikwangue, kichanganye, kipake, kisubiri. Tunajifunza kuchora ini kwenye manila ambayo mvua moja inaimaliza. Tujifunze na kile ambacho manila yenyewe inabandikwa juu yake. Na kipindi hichohicho tufundishwe kuandika ile barua: inaandikwa kwa nani, inapitia wapi, nakala inabaki wapi. Mwalimu mpya anayejua kimoja bila kingine atachoka mapema, ama mwili ama moyo.

Anayekwenda TP mwezi ujao, orodha ya kubeba ni fupi: grauti kilo moja kwenye mfuko usioingiza unyevu, msasa mnene na laini, brashi ya inchi nne, kijiko cha chakula cha kupimia. Rangi utaipata huko. Siku ya kwanza, kabla hujaandika hata tarehe, nenda ukakae dawati la nyuma na uutazame ubao. Ukiona unahitaji meno, kwangua, paka, uache ukauke. Zile siku tatu za kusubiri zinatosha kabisa kuandika barua.